Jerry Rice alianza kama saidia fundi

Tofali la kuchoma la kwetu Mafinga lina kama kilo 3 hivi, na ukiwa na miaka 12, umesimama juu ya mirunda asubuhi ya mwezi wa 6, baridi ile ambayo aliyewahi kukaa Mafinga anaijua, vidole vimekufa ganzi, alafu kaka yako yuko chini anakurushia moja baada ya jingine bila hata kukuuliza kama uko tayari, hapo ndo unajifunza kupokea. Baba yetu alikuwa fundi muashi na likizo zote sisi wawili tulikuwa saidia fundi wake, kaka anarusha, mimi napokea na kupanga karibu na mkono wa baba ili asisubiri.

Siku ya kwanza nilidaka. Yaani nilikaza mikono nikalisubiri tofali kama kipa anavyosubiri mpira, likanigonga viganjani, ngozi ikatoka pale pale. Baba hakushusha hata mwiko. Akasema tu, "Usilidake. Lipokee."

Nilichukua wiki nzima kuelewa maana yake. Tofali likirushwa juu kuna mahali linafika linachoka, limeshapanda mpaka mwisho na halijaanza kurudi, kwa kitambo kidogo sana ni kama limesimama hewani halina uzito, na hapo ndo unalichukua, na ukilichukua mikono yako isikae pale pale, irudi nalo kidogo, iende nalo linakotaka kwenda. Ukiweza hivyo unaweza kupokea tofali 1,000 kwa siku na jioni ukashika kikombe cha chai bila maumivu. Lakini inabidi na anayerusha awe anajua. Kaka yangu alikuwa anajua sana, tofali zake zote zilichokea pale pale usawa wa kifua changu, hata kama alikuwa anaongea na mtu mwingine.

Sasa ruka miaka mingi. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye ghala, na Jumapili kwenye chumba cha mapumziko kuna tivii na kila mtu anaangalia futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mimi nilikuwa sielewi kitu. Kwangu ilikuwa watu wanagongana, wanasimama, wanaongea, wanagongana tena. Kulikuwa na mzee mmoja mweusi, mtu wa Mississippi, tukawa tunakaa meza moja, na siku moja nikamuuliza hivi katika hawa wote waliowahi kucheza, nani alikuwa mkubwa kuliko wote. Hakufikiria hata kidogo. Akasema Jerry Rice, alafu akaongeza, mtoto wa fundi wa tofali, wa kwetu kule.

Niliweka chai yangu chini. Nikamwambia rudia hapo pa tofali.

Basi nimekuwa namfuatilia Jerry Rice tangu siku ile. Mechi zake nyingi zilichezwa kabla sijajua kwamba mchezo huo upo, nimeziangalia usiku usiku kwenye simu, na leo nataka kumwandikia yeyote anayesoma Kiswahili ambaye hajawahi kusikia jina lake.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1962, Starkville, Mississippi, akakulia sehemu ndogo inayoitwa Crawford, mtoto mmoja kati ya 8. Baba yake, Joe Nathan Rice, alikuwa muashi, na wavulana walifanya kazi naye kwenye joto la kiangazi la kule Kusini. Rice mwenyewe amesimulia mara nyingi: yeye alikuwa anasimama juu, kaka zake wako chini wanamrushia tofali, na wakati mwingine walikuwa wanapanga tofali kadhaa pamoja wanazirusha kwa mkupuo, zinaachana hewani, na yeye anatakiwa azipokee zote. Wengi wakiisikia wanaona ni stori nzuri ya kuchekesha watu kwenye mahojiano. Mimi nilipoisikia viganja viliniwasha.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapewa mengine manne, mpaka ifike mwisho wa uwanja ifunge tachidauni, au ipoteze mpira. Kuna mtu mmoja anaitwa kotabeki, huyo ndo mrushaji. Na kule pembeni kabisa, karibu na mstari, anasimama mtu peke yake, anaitwa waidi risiva. Kazi yake ni kukimbia njia iliyopangwa, wenyewe wanaita ruti, labda yadi 7 mbele alafu anakata ndani, labda moja kwa moja mpaka mwisho, amkimbie beki aliyepewa kazi ya kumlinda, apokee mpira, asiuachie hata akigongwa na mtu wa kilo 100. Watu hawajui kwamba mara nyingi mpira unarushwa kabla risiva hajageuka. Kotabeki anaurusha mahali ambapo hakuna mtu, kwa imani kwamba ukifika pale kutakuwa na mtu. Ukichelewa nusu hatua umeshaharibu kila kitu na lawama haziendi kwako peke yako. Ni kaka na mimi pale kwenye mirunda, ni kitu kile kile.

Rice hakuanza mpira kwa kuota kuwa staa. Shuleni B.L. Moor alikuwa ametoroka kipindi, mwalimu mkuu msaidizi akamtokea kwa nyuma, kijana akatoka mbio, na yule mwalimu alivyoona zile mbio akaenda kumwambia kocha. Vyuo vikubwa havikumpa nafasi. Akaenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi kilichopo mji wa Itta Bena, kule kwenye mashamba ya pamba, kocha wake Archie Cooley, mrushaji wake Willie Totten. Hao watu walicheza futiboli ambayo haikuwa inachezwa sehemu nyingine wakati ule, wanarusha tu, wanarusha, hawasimami hata kupanga, risiva wanne wamejipanga upande mmoja, beki wa upande wa pili hajui amshike nani. Mwaka 1984 walimfunga Kentucky State 86–0. Rice peke yake msimu ule alifunga tachidauni 27. Leo uwanja wa chuo kile unaitwa Rice–Totten, majina mawili, aliyepokea na aliyerusha, na kwa kweli nilipojua hilo nilifurahi kuliko rekodi nyingine zote.

San Francisco 49ers walikuwa mabingwa wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Bingwa kwenye drafti, yaani ule mgao wa kila mwaka wa vijana wanaotoka vyuoni, anachagua wa mwisho. Kocha wao Bill Walsh alikuwa ameshamwona Rice kwenye tivii akiwa hotelini, na kichwani kwake ikakaa. Wengine walikuwa na wasiwasi, chuo kidogo, wapinzani dhaifu, na saa ya kupimia mbio haikumpa Rice muda wa kutisha. Walsh akabadilishana nafasi na timu ya New England ili aruke mpaka namba 16 amchukue, mwaka 1985. Risiva wawili walikuwa wameshachukuliwa kabla yake, Al Toon na Eddie Brown, na wote walikuwa wachezaji wazuri, siwasemi vibaya.

Alafu akaanza kudondosha mipira.

Hapa nataka nikae kidogo, sababu wanaomsifia huwa wanaparuka. Mwaka wake wa kwanza, yule mtoto aliyepokea tofali nne kwa mkupuo alikuwa anaachia mipira laini kabisa mbele ya mashabiki wake mwenyewe, na walimzomea. Ukimwangalia kwenye picha za wakati ule unaona kabisa tatizo ni nini, anataka kukimbia kabla hajapokea, kichwa kimeshageuka kinatafuta njia na mpira bado uko hewani. Nami yalinikuta ya aina hiyo, nilipopata kazi yangu ya kwanza ya ofisini Dar, nilikuwa nimeshazoea kufanya kazi kwa mikono na niliifanya vizuri, lakini pale nilikuwa na hofu kiasi kwamba vitu nilivyovijua tangu utoto vilinitoka, bosi mmoja akaniambia mbele ya watu kwamba nirudi nikabebe zege. Kwa hiyo nikimwona Rice wa 1985 na zile glovu zake anainamisha kichwa, siwezi kupeleka video mbele haraka. Naangalia yote.

Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo, mechi ya Jumatatu usiku na Los Angeles Rams, akapokea mipira 10 kwa yadi 241. Timu ilifungwa siku ile, ila yeye alikuwa ameshafunguka. Mwaka uliofuata alifikisha yadi 1,570, akaongoza ligi nzima. Lakini hata huo mwaka haukuisha vizuri. Mechi ya mtoano na New York Giants, Januari 1987, mwanzoni kabisa, Rice kapokea, kamwacha beki, mbele yake hakuna mtu, anakwenda kufunga, na mpira ukamtoka mkononi wenyewe bila kuguswa na mtu yeyote. Giants wakaupata. Mwisho ilikuwa 49–3. Haikuwa kosa lake peke yake, timu nzima ilizidiwa, lakini msimu uliofuata, 1987, ambao ulikatishwa na mgomo wa wachezaji hivyo yeye akacheza mechi 12 tu, alipokea tachidauni 22. Ishirini na mbili kwa mechi kumi na mbili. Ilibidi miaka 20 ipite mpaka Randy Moss apate 23, na Moss alicheza mechi 16.

Kilichomfanya vile kwa macho yangu ni kazi ya miezi ambayo hakuna mechi. Kusini ya San Francisco kuna hifadhi inaitwa Edgewood Park, na ndani yake kuna njia ya kupanda kilima ya kama maili 2 na nusu, Rice na mwenzake Roger Craig walikuwa wanaikimbia hiyo kiangazi, siku nyingi, juu kabisa ambapo ndo kuna mwinuko mkali zaidi. Wachezaji wageni walikuwa wanakwenda kujaribu, wengi walitapika. Na mazoezini alikuwa na tabia moja, akipokea mpira, hata kama ruti ni ya yadi 5 tu na zoezi limeisha, anakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, kila mara. Wenzake wanarudi wakitembea, yeye yuko kule anafunga tachidauni ya mazoezi. Kwa hiyo siku ya mechi miguu haina cha kufikiria. Ndo maana ile saa ya drafti haikuwa na maana, kwenye mechi mabeki wenye kasi kuliko yeye walikuwa wanakimbia nyuma yake na hawamfikii, maana yeye hakupunguza mwendo wakati wa kupokea, mpira ulimkuta akiwa mbioni na akaendelea mbioni. Mikono ilirudi nao. Unaona?

Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Januari 1989, Miami, na Cincinnati Bengals, hiyo kaitafute uiangalie. Kifundo cha mguu kilikuwa kinamsumbua wiki nzima. Akapokea mipira 11, yadi 215, akapewa tuzo ya mchezaji bora. 49ers walikuwa nyuma 16–13, zimebaki dakika 3 na sekunde kadhaa, wanaanzia yadi ya 8 ya kwao, yaani wana yadi 92 za kwenda, na mrushaji ni Joe Montana. Katikati ya safari ile kuna mpira mmoja wa yadi 27, Rice kaupokea katikati ya mabeki watatu na bado akabaki amesimama. Tachidauni ya ushindi alifunga John Taylor, siyo Rice, 20–16, na ukimwangalia Rice wakati ule hujui kama siyo yeye aliyefunga. Mwaka uliofuata wakawapiga Denver 55–10, Rice tachidauni 3. Januari 1995 tena San Diego 49–26, tena tachidauni 3, na hiyo alicheza bega likiwa limeumia, mrushaji sasa ni Steve Young. Warushaji wanabadilika, yeye yupo.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 33, yadi 1,848. Wakati huo maisha ya kawaida ya mchezaji wa NFL ni kama miaka mitatu hivi, alafu magoti, alafu basi.

Na goti lilikuja. Tarehe 31 Agosti 1997, mechi ya kwanza ya msimu na Tampa Bay, kano za goti la kushoto zikakatika. Miaka 12 hakuwa amekosa hata mechi moja kwa majeraha. Watu wanasubiri miezi 9, mwaka mzima. Yeye akarudi tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, miezi mitatu na nusu, usiku ambao timu ilikuwa inaistaafisha jezi namba 16 ya Montana, akafunga tachidauni, na kwenye mpira ule ule akaanguka vibaya kifupa cha goti kikapasuka. Mimi hapo sikubaliani naye kabisa. Wengi wanaisimulia kama ushujaa, mimi naona mtu ambaye hakujua kukaa chini. Baba yangu aliwahi kuanguka kwenye kenchi akavunjika mbavu na wiki ya pili tulimkuta saiti anapima kuta kwa timazi, na mama alilia siku ile, hakuna aliyeona ushujaa pale nyumbani.

Baada ya 2000 timu ikawa inajenga upya, wakaachana, akavuka daraja akaenda timu ya jirani, Oakland Raiders. Mwaka 2002 alitimiza miaka 40 katikati ya msimu na akamaliza na mipira 92, yadi 1,211, akacheza Super Bowl nyingine, wakafungwa na Tampa Bay 48–21 lakini tachidauni moja ya yadi 48 ilikuwa yake. Miaka 40! Alafu Septemba 2004 ikaja mechi moja ambayo hakupokea mpira hata mmoja, kabla ya hapo alikuwa amecheza mechi 274 mfululizo na kila moja alipokea angalau mmoja. Seattle ikamchukua kumalizia msimu, wakampa hata namba 80 ambayo ilishastaafishwa kwa heshima ya Steve Largent, kwa ruhusa ya mwenyewe. 2005 akaenda kujaribu Denver, akaona atakuwa anakaa benchi, akasema inatosha. 49ers wakamsainisha mwaka 2006 mkataba wa heshima astaafu akiwa wao, na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ni dola 1,985,806.49, yaani 1985 aliyoingia, 80 namba yake, 06 mwaka wa kuaga, 49 timu.

Jumla ni mipira 1,549, tachidauni 208, yadi 22,895. Nimezibadilisha hizo yadi kwa mita, zinakuja karibu kilomita 21, nusu marathoni nzima, na kila hatua kuna mtu anataka kukuangusha. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, alicheza misimu 17 na ana 17,492. Pengo la yadi elfu tano na zaidi. Sioni atakayelifikia na wala sijui kama itakuwa vizuri kwa mwili wa mtu yeyote kujaribu.

Canton, ambapo wanaweka sanamu za vichwa vya wachezaji wakubwa, ni kama saa mbili kwa gari kutoka Columbus, na nilikwenda siku moja ya katikati ya wiki nikiwa nimetoka shifti ya usiku. Ukumbi una mwanga hafifu, vichwa vya shaba vimepangwa ukutani, nikatafuta mpaka nikampata. Aliingizwa pale 2010. Hotuba yake ya siku ile niliisikiliza tena nikiwa nimekaa kwenye gari kabla ya kurudi. Alisema kilichomsukuma maisha yake yote ni hofu ya kushindwa. Na akasema jambo analojutia ni kwamba hakuwahi kupata muda wa kuifurahia kazi yake, muda wote alikuwa anafanya kazi. Mtu mwenye pete tatu za ubingwa wa Super Bowl anasema hivyo mbele ya maelfu ya watu, na sauti ilikuwa inamtetemeka.

Nilifikiria nyumba ambazo baba amejenga Mafinga na Makambako na kule njia ya kwenda Njombe. Sijawahi kumwona amekaa kwenye hata moja, hata kunywa maji. Akimaliza kupiga lipu anaosha mwiko, anaondoka.

Basi mchana ule ule, kwao ikiwa jioni, nikampigia kwa WhatsApp kwenye simu ya mjukuu wake. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, habari za huko, mvua, mahindi, mguu wake unaendeleaje. Nikamwambia nimekutumia video fupi, mwambie mtoto akuwekee, kuna fundi mwenzako humo. Ilikuwa ile ya yadi 27, Miami. Aliiangalia kimya. Akasema weka tena. Nikasikia kelele za uwanja wa 1989 zinatoka kwenye simu huko Mafinga, na kuku nyuma yake.

"Huyu hadaki," akasema baba. "Huyu anapokea. Alijifunzia wapi?"

Nikamweleza yote, baba yake muashi, mirunda, tofali nne kwa mkupuo, kaka zake chini wanarusha. Akaguna. Akauliza na huyo kaka aliyekuwa anarusha, yeye yuko wapi siku hizi, anaendeleaje?

Sikuwa na jibu. Nimesoma kuhusu Jerry Rice miaka yote hii na hilo sijawahi kujiuliza. Tukaagana, nikakaa kwenye ile parking ya Canton mpaka giza likaingia. Makambako anakokaa kaka ilikuwa karibu saa 9 usiku lakini nilimpigia hivyo hivyo, na akapokea.